Ridhaa ya Nani? Tabaka za Umiliki wa Maarifa ya Jadi na Wajibu wa Mtafiti Mwanza na Mwambao wa Ziwa Victoria

Utangulizi

Fomu ya ridhaa ambayo mtafiti wa chuo kikuu hubeba anapokwenda uwandani kwa kawaida ina nafasi ya jina moja, nafasi ya sahihi au alama ya dole gumba, na nafasi ya tarehe. Muundo huo ulirithiwa kutoka katika maadili ya utafiti wa tiba, ambako kinachoombwa ni cha mtu binafsi: damu yake, muda wake, historia ya maradhi yake. Mtu ndiye mwenye mwili wake, kwa hiyo sahihi yake inatosha. Fomu hiyohiyo inapopelekwa Magu, Misungwi au Ukerewe ili kuomba dawa ya sumu ya nyoka, utaratibu wa kufunga malisho au simulizi la ukoo wa watemi, jambo hubadilika. Anayetia sahihi anaweza kuwa anakijua kitu bila kuwa mwenye kitu hicho. Na anaweza kuwa mwenye kitu bila kuwa na mamlaka ya kukitoa nje.

Makala haya yanafafanua tatizo hilo kwa kurejelea Mwanza, visiwa vya Ukerewe na maeneo ya Usukuma yanayopakana nayo. Hoja inayotetewa ni kwamba maarifa ya jadi katika eneo hili hayana umiliki wa aina moja. Yapo yaliyo ya wote, yapo ya chama, na yapo ya mtu aliyeyapata kwa gharama. Ridhaa inayofaa katika tabaka moja haifai katika nyingine. Mifano imechukuliwa kutoka katika kazi ambazo tayari zimechapishwa na katika historia ya taasisi zinazojulikana.

Neno "asili" na nafasi ya Wasukuma

Katika mijadala ya kimataifa, haki za maarifa ya jadi huambatanishwa na dhana ya watu wa asili. Nchini Tanzania, jamii ambazo zimejitambulisha kwa dhana hiyo ni chache, hasa Wahadzabe, Waakie, Wamaasai na Wabarbaig. Wasukuma, ambao ndio kabila lenye watu wengi zaidi nchini, hawamo. Mtafiti anayekwenda Mwanza anaweza basi kudhani kwamba miongozo iliyotungwa kwa ajili ya jamii ndogo zilizopokwa ardhi haimhusu.

Dhana hiyo haina msingi. Mkataba wa Anuwai ya Viumbe wa 1992, katika ibara ya 8(j), hautaji jamii za asili pekee; unataja pia jamii za wenyeji zenye mitindo ya maisha ya jadi, na unataka maarifa yao yatumike kwa idhini na ushiriki wao. Wingi wa watu si kigezo. Zaidi ya hayo, wingi wa Wasukuma hauwafanyi wenye maarifa kuwa wengi. Dawa fulani inaweza kujulikana na watu sita katika wilaya nzima.

Maarifa ya wote: ngitili na furu

Mfano unaojulikana zaidi wa maarifa ya Kisukuma kuingia katika taaluma unatoka kusini mwa Mwanza, katika mkoa jirani wa Shinyanga, ambao pia ni sehemu ya Usukuma. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika ili majani na miti ipate kukua, kisha hufunguliwa kwa mifugo wakati wa kiangazi malisho mengine yanapokwisha. Ipo ngitili ya familia na ipo ya kijiji. Ufyekaji wa vichaka kwa ajili ya kuangamiza mbung'o enzi za ukoloni, upanuzi wa kilimo cha pamba, na uhamishaji wa watu vijijini katika miaka ya 1970 ulivuruga utaratibu huo kiasi kwamba sehemu kubwa ya ardhi ilibaki wazi.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliofahamika kwa kifupi kama HASHI. Mwanzoni mradi ulitegemea vitalu vya miche na upandaji wa miti, mingi ikiwa ya kigeni. Mafanikio yalikuja pale wataalamu walipoacha kuwafundisha wafugaji namna ya kupanda na kuanza kuwauliza namna walivyokuwa wakifunga. Mwaka 1986 ngitili zilizoorodheshwa zilikadiriwa kufikia takriban hekta 600. Mradi ulipofungwa mwaka 2004 makadirio yalizidi hekta 300,000, zikiwa katika vijiji 833. Sheria ndogo za vijiji zilikuwepo, lakini usimamizi wenyewe ulitegemea banamhala, yaani wazee, dagashida, yaani baraza la jadi, na sungusungu.

Hapa hakuna siri. Kila mchungaji anajua ngitili ni nini, na hakuna anayeweza kudai kwamba mtafiti aliyeieleza katika jarida ameiba kitu. Hata hivyo ni kosa kuhitimisha kwamba ridhaa haihitajiki. Kilicho mikononi mwa jamii ni uamuzi: nani afunge, lini, na adhabu gani impate anayevunja. Mtafiti anayepima ukubwa wa ngitili na kuweka mipaka yake katika ramani anatoa nje taarifa juu ya ardhi ambayo mara nyingi haina hati. Ramani hiyo inaweza kutumiwa na yeyote, akiwemo mtu anayeitamani ardhi yenyewe. Anayestahili kuulizwa kuhusu ramani ni dagashida au mkutano mkuu wa kijiji, wala si mzee mmoja aliyekuwa tayari kutembea na kifaa cha kupimia.

Ziwani hali ni tofauti kidogo. Kuanzia mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walifanya kazi katika Ghuba ya Mwanza chini ya kikundi kilichojulikana kama HEST, wakichunguza samaki wadogo wa jamii ya furu. Ziwa lilikuwa na mamia ya spishi za furu, nyingi zikiwa hazijapewa jina la kisayansi. Katika miaka ya 1980 sangara, aliyepandikizwa ziwani miongo michache kabla, aliongezeka ghafla, na spishi zinazokadiriwa kufikia 200 zikatoweka au zikakaribia kutoweka. Bila sampuli zilizokusanywa kabla ya hapo, sayansi isingejua kilichopotea.

Katika maandishi mengi kuhusu maarifa ya jadi kuna mazoea ya kudai kwamba wenyeji daima huainisha viumbe kwa undani kuliko wanasayansi. Furu hawaungi mkono dai hilo. Wavuvi waliwapa majina mahususi samaki wenye thamani ya chakula na biashara, kama sato, ningu, domodomo, gogogo, nembe na kamongo, ilhali mamia ya spishi ndogo zenye miiba waliziita kwa jumla furu. Maarifa yao yalikuwa mahali pengine: katika kujua mwamba gani, kina gani, majira gani na wavu wa macho mangapi. Mtafiti aliyetaka sampuli alihitaji maarifa hayo kabla ya kuhitaji darubini. Baadaye Kiswahili chenyewe kiliingia katika uainishaji. Jenasi ya Pundamilia ilitangazwa mwaka 1998, na mmoja wa samaki wake alikuwa tayari amepewa jina la Nyerere tangu mwaka 1985. Ni heshima njema, ingawa jina halimpi mvuvi chochote.

Maarifa ya chama: Buyeye

Tabaka la pili ni la maarifa yanayomilikiwa na chama. Usukuma ina historia ndefu ya vyama vya aina hii. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, ambavyo kwa mapokeo vilianzishwa na Ngika na Gumha, wachezaji waliokuwa pia waganga, hutumia dawa za kuvuta watazamaji, na dawa hizo hazitolewi kwa mpinzani. Bayeye ni chama cha wakamataji wa nyoka. Wanachama wake hucheza na nyoka wenye sumu na hutibu walioumwa, na mafunzo ya dawa hutolewa kwa aliyeingizwa rasmi.

Mwaka 1946 Hans Cory alichapisha katika jarida la Africa makala kuhusu Buyeye. Cory, mzaliwa wa Vienna, alikuwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika, na kitabu chake cha 1953 kuhusu sheria na desturi za Wasukuma kilitumika kama rejeleo kwa miaka mingi. Nyaraka zake zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na zimewasaidia wanahistoria wa vizazi kadhaa. Jambo la kuzingatia ni kwamba kichwa cha makala yake ya 1946 chenyewe kinaita Buyeye chama cha siri. Mwandishi aliijua siri hiyo kuwa siri, akaitaja hivyo mbele ya wasomaji wake, kisha akaichapisha.

Kumlaumu Cory kwa vigezo vya leo ni rahisi na hakusaidii sana. Swali lenye manufaa zaidi ni hili: ikiwa mwanachama mmoja wa Bayeye alizungumza naye kwa hiari, je, ridhaa ilikuwepo? Kwa mantiki ya fomu ya jina moja, ndiyo. Kwa mantiki ya chama, hapana, kwa kuwa aliyeingizwa hupokea maarifa pamoja na sharti la kuyatunza. Hiari ya mtu mmoja haifuti sharti la chama. Mtafiti wa leo anayenukuu makala ya 1946 ili kuepuka kuomba ridhaa upya, kwa hoja kwamba jambo limekwisha kuwa wazi, anafuata mantiki ileile.

Maarifa ya mtu: nfumu na shingila

Tabaka la tatu ndilo linalowashughulisha zaidi watafiti wa famasia na botania. Nfumu, kwa wingi bafumu, huingia katika uganga kwa kuitwa na mizimu ya ukoo, mara nyingi kupitia maradhi, na hujifunza kwa mganga mkubwa kwa muda na kwa malipo. Anachokijua ni chake kwa maana ya kwamba amekilipia, lakini ni cha mababu kwa maana ya kwamba wao ndio waliomkabidhi. Akikitoa bila utaratibu, anaweza kuona kwamba dawa yenyewe itapoteza nguvu.

Koen Stroeken, mwanaanthropolojia wa Ubelgiji aliyefanya utafiti miongoni mwa Wasukuma tangu miaka ya 1990 na kuingizwa katika uganga, anaeleza katika kitabu chake cha 2010 dhana ya shingila. Neno hilo linahusiana na kitenzi cha kuingia. Katika bugota, yaani dawa, shingila ni kiungo kinachoipa dawa njia ya kufika inakokusudiwa. Kinaweza kuwa kitu kisicho mmea kabisa, kilichochaguliwa kwa sababu ya maana yake. Mizizi na majani yanaweza kujulikana na wengi. Bila shingila, kwa mtazamo wa mganga, yanabaki kuwa mizizi na majani.

Ufafanuzi huu una matokeo ya moja kwa moja kwa mbinu za utafiti. Tasnifu ya mimea dawa kwa kawaida huwa na jedwali lenye jina la Kisukuma la mmea, jina la kisayansi, sehemu inayotumika, ugonjwa unaotibiwa na namna ya kuandaa. Shingila haina safu yake. Mtafiti anaweza kuamini kwamba amepata dawa, na mganga akaamini kwamba hajaitoa, na wote wawili wakatia sahihi fomu moja. Kila mmoja ameridhia jambo tofauti. Kutoelewana huku kunaweza kumlinda mganga kwa muda, kwa kuwa anaona siri yake iko salama. Hata hivyo maabara haihitaji shingila; inahitaji mmea. Endapo kemikali ya mmea huo itapatikana kuwa na thamani, kile ambacho mganga alidhani ni ganda ndicho kitakachouzwa.

Mtoataarifa aliyekuwa mwandishi

Ipo pia njia ambayo mwenye maarifa huandika mwenyewe, na mwambao huu una mfano wake mashuhuri. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa kitemi wa Ukerewe na kusomeshwa na wamisionari. Mwaka 1945 alikamilisha kwa Kikerewe riwaya ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ambamo kilimo, uvuvi, pombe, adabu za ukwe na tiba ya utasa vimeelezwa kwa utulivu wa mtu asiyeharakisha. Hakupata mchapishaji. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Gerald Hartwig, mwanahistoria wa Marekani aliyekuwa akitafiti historia ya Wakerewe, pamoja na mkewe Charlotte, walifahamiana naye na kumhimiza aitafsiri kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House iliitoa mwaka 1980, na Kitereza akafariki mwaka 1981. Tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, naye mzaliwa wa Ukerewe, ilitoka mwaka 2002.

Katika kitabu cha Hartwig kuhusu historia ya Wakerewe, kilichochapishwa mwaka 1976, Kitereza ni mtoataarifa. Katika riwaya yake ni mwandishi. Mtu ni yuleyule na sehemu ya maarifa ni ileile. Kilichobadilika ni nani aliyeamua kipi kisemwe, kwa mpangilio upi, na kipi kiachwe. Hartwig anastahili sifa kwa kulitambua hilo na kusaidia njia ya pili, ingawa haikuwa sehemu ya utafiti wake. Hata hivyo miaka 35 kati ya muswada na kitabu inaonyesha jinsi mfumo wa taaluma ulivyokuwa mwepesi wa kumnukuu mwenyeji kuliko kumchapisha. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, yaliyoanzishwa na Padri David Clement katika eneo la Kisesa karibu na Mwanza, yalichukua njia nyingine kwa kuviacha vitu vya watemi, waganga na vyama vya ngoma katika eneo lenyewe, na kuwakusanya Bagika na Bagalu katika mashindano ya Bulabo kila mwaka.

Vibali na mahali visipofika

Utaratibu wa kisheria unafahamika. Kibali cha utafiti hutolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya 1986. Utafiti unaohusu afya hupitiwa pia na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kutoka hapo barua hushuka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, wilayani, kwa Afisa Mtendaji wa Kata na hatimaye kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji. Mnyororo huu ni wa serikali tangu mwanzo hadi mwisho. Mamlaka za utemi ziliondolewa kisheria mwaka 1963, na banamhala, viongozi wa Bayeye au waganga wakubwa hawamo popote katika barua.

Kwa mganga, mnyororo huo una hatari yake. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Namba 23 ya 2002 ilimtambua na kumtaka asajiliwe. Lakini mwezi Januari 2009, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino ambayo yaliikumba kwa ukali Kanda ya Ziwa, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kusitishwa kwa leseni za waganga wa jadi nchini. Mauaji yalikuwa ya kutisha na serikali ilipaswa kuchukua hatua. Kwa upande wa utafiti, matokeo ni kwamba mgeni mwenye daftari, aliyeletwa na Afisa Mtendaji, anayeuliza jina, mahali na dawa zinazotumika, hatofautiki na mkaguzi. Ridhaa inayotolewa mbele ya mtendaji inaweza kuwa woga ulioandikwa kwa wino. Kumtaja mganga kwa jina katika kiambatisho, jambo ambalo kwingine ni kumpa heshima, hapa kunaweza kumweka hatarini. Na kumficha kunamnyima utambulisho wa kudai haki yake baadaye. Hakuna kanuni moja inayotatua mgongano huo. Anayepaswa kuchagua ni mganga, baada ya kuelezwa pande zote mbili pasipo kuwapo ofisa.

Mwanza haikosi uzoefu wa ridhaa ya pamoja. Majaribio ya kinga dhidi ya Virusi vya UKIMWI yaliyofanywa jijini katika miaka ya 2000 miongoni mwa wanawake wanaofanya kazi katika baa na sehemu za chakula yaliunda kamati za wawakilishi waliochaguliwa na wanawake wenyewe. Kwingineko, Wasan wa Afrika Kusini walitangaza mwaka 2017 kanuni zao za maadili ya utafiti, zinazomtaka mtafiti aanzie kwenye baraza lao. Mkataba wa Shirika la Miliki Bunifu Duniani wa Mei 2024 unataka mwombaji wa hataza ataje asili ya rasilimali za kijenetiki na ya maarifa ya jadi yanayohusiana nazo. Kipengele hicho kina maana pale tu asili hiyo imeandikwa mahali, na kwa kiasi kikubwa tasnifu ndizo mahali penyewe.

Hapo ndipo hazina za tasnifu zilizo wazi mtandaoni zinapoingia. Jedwali la mimea lililokuwa likikaa kwenye rafu ya maktaba moja sasa husomwa na yeyote duniani. Uwazi huo unalinda, kwa kuwa kilichochapishwa hakiwezi kudaiwa kuwa uvumbuzi mpya. Pia unafungua, kwa kuwa hauzuii matumizi yasiyo ya hataza na hauwezi kurudishwa nyuma. Inawezekana kuweka tasnifu wazi na kukifunga kiambatisho chenye dawa za chama au za mtu, huku maarifa ya ngitili na uvuvi yakiachwa wazi kwa wote. Mtahini kwa kawaida huangalia kama barua ya COSTECH imeambatishwa. Anaweza pia kusoma sura ya mbinu na kuuliza ni tabaka lipi la maarifa lililoombwa, na kama aliyetia sahihi ndiye aliyestahili kutia. Tasnifu iliyoandikwa kwa Kiswahili ina nafasi ambayo ya Kiingereza haina: mganga wa Misungwi, au mwanawe aliyemaliza kidato cha nne, anaweza kuisoma kabla haijawasilishwa na kuonyesha ukurasa anaotaka uondolewe.